Kabla ya Kupiga Kiki

Vijana wetu, pikipiki ya kikundi ililala wiki tatu. Tulibadilisha kamshafti, cheni ya taimingi tukairudisha harakaharaka, kumbe imeruka meno. Kupiga kiki, vali zikagonga pistoni, zikapinda. Na mkopo haukutungoja!

Siku hizi twatoa plagi kwanza, twazungusha injini kwa mkono mpaka alama ya T kwenye magneto ilingane na alama ya kifuniko. Pistoni iko juu kabisa. Hapo ndipo twavalisha cheni, kamshafti isisukume vali hata moja, na alama za gia yake zilale sawa na ukingo wa kichwa cha silinda. Tukishakaza, twazungusha tena raundi mbili, polepole. Ikikwama hatulazimishi, twafungua. Tapeti twapima injini ikiwa baridi, hata mteja akinung'unika.