Jiko la Udongo: Kulitunza, Kuliziba Nyufa na Kujenga Jipya

(Muziki wa kipindi. Unashuka. Msomaji anaanza.)

 

Leo tunazungumza juu ya jiko lako la udongo. Tutaona namna ya kulitunza, namna ya kuziba nyufa zake, na namna ya kujua kwamba muda wake umekwisha. Mwishoni tutasema juu ya baridi ya usiku na jiko la makaa. Sehemu hiyo naomba usiikose, kwa sababu inahusu uhai.

Kwanza, tuelewe kazi ya jiko hili. Kwenye mafiga matatu moto uko wazi. Upepo unaupeleka huku na huku, na joto jingi linapotea hewani bila kugusa chungu. Jiko la udongo linaufunga moto na kuupeleka juu, kwenye sufuria. Likipasuka, au tumbo lake likiliwa na kupanuka, joto linatoka pembeni. Hapo umerudi kwenye mafiga bila kujua. Macho yanaona jiko, lakini kuni zinakwisha kama zamani.

Na kila ukuni unaozidi una mtu aliyeufuata. Mara nyingi ni mama au msichana, ametembea mbali, na unajua mwenyewe yanayoweza kumpata huko porini. Au nyumba imeuza sehemu ya unga wa mgao ili inunue mzigo wa kuni. Ufa wa jiko unalipwa kwa miguu ya mtu au kwa chakula cha watoto.

Utajuaje kama jiko lako linapoteza moto? Hesabu. Pika chungu cha maharage kwa kuni kavu na uhesabu vipande ulivyotumia. Baada ya mwezi, pika chungu kile kile, maharage kiasi kile kile, kwa kuni za unene ule ule. Kama vipande vimeongezeka, jiko linaomba matengenezo.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuje kwenye utunzaji. Kila asubuhi, jiko likiwa limepoa, toa majivu. Majivu yakijaa, hewa haipiti chini ya kuni, na moto usio na hewa unatoa moshi badala ya joto. Usizime moto kwa kumwaga maji ndani ya jiko. Udongo wenye moto ukikutana na maji baridi hupasuka. Vuta kuni nje, uzifukie kwenye mchanga mpaka zizimike.

Pasua kuni ziwe nyembamba, uzianike mpaka zikauke. Ziingize kwa ncha, vipande viwili au vitatu, na uzisogeze kadiri zinavyoungua. Gogo nene linalosukumwa kwa nguvu ndilo linalovunja mdomo wa jiko. Wakati wa kusonga ugali, mtu mwingine ashike sufuria, au uipue uimalizie chini. Mwiko wenye nguvu unatikisa vile vishikio vya udongo vinavyobeba sufuria, na vikivunjika sufuria inakaa upande.

Jiko liwe chini ya paa, juu ya tabaka la tofali au udongo ulioshindiliwa, ili maji ya mvua yasilifikie. Lakini paa hilo lisiwe turubai lililoshuka karibu, wala ukuta wa nyasi usiwe jirani. Cheche moja wakati wa kiangazi inaweza kuchoma safu nzima ya nyumba. Halafu, mara moja kwa juma, lipake jiko kwa mkono: udongo laini, majivu kidogo na maji. Mpako huo unafunga vinyufa vidogo kabla havijakua.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kama ufa unaingiza ukucha wako, mpako hautoshi tena. Fanya hivi. Ngoja jiko lipoe kabisa. Kwa kisu au kijiti, chimba ufa uwe mpana kama kidole, toa masizi na udongo uliolegea. Hapa ndipo wengi wanaharakisha: wanabandika udongo mbichi juu ya masizi, na baada ya siku mbili unabanduka. Ukishasafisha, loanisha kingo kwa maji mpaka ziache kuyanyonya upesi.

Udongo wa kuzibia uwe wa aina ile ile iliyojenga jiko. Wa kichuguu ni mzuri kwa sababu unashika. Usiutumie peke yake, maana udongo mtupu husinyaa ukikauka, na ufa unarudi. Changanya na mchanga, au nyasi kavu zilizokatwakatwa. Kanda, ufinyange bonge kama ngumi, uliangushe kutoka kimo cha kiuno. Likibapatika kama chapati, maji yamezidi. Likisambaratika, maji ni machache au mchanga umezidi. Likitua likabaki bonge, anza kazi. Shindilia udongo ndani ya ufa kwa kidole gumba, kisha ulainishe juu.

Kabla ya kuacha jiko likauke, weka sufuria yako mahali pake na utazame pengo kati ya sufuria na ukuta wa jiko. Pengo hilo liwe na upana wa kidole kidogo, kuzunguka pande zote. Kama kiganja kinapita, joto linapita pia bila kupika kitu. Ongeza udongo ndani. Kama hakuna pengo kabisa, moshi utarudi mlangoni, basi punguza.

Liache likauke kivulini siku tatu, kisha uanze na moto mdogo. Nasikia mama mmoja anauliza: siku tatu tutakula nini? Zungumza na jirani. Pikeni kwenye jiko lake, kwa kuni za nyumba mbili. Juma lijalo yeye anaziba lake, nanyi mnapika kwako.

(Muziki mfupi.)

Iko siku jiko halizibiki tena. Dalili zake ni hizi. Ufa umetoka mlangoni ukapanda mpaka juu, na ukilisukuma, jiko linacheza. Vishikio vya sufuria vinavunjika kila unapovitengeneza. Tumbo limeliwa mpaka ukuta umekuwa mwembamba. Au familia imekua, sufuria ni kubwa kuliko ile iliyopimiwa jiko. Hapo, jenga jipya.

Lakini jiko la zamani usilitupe. Udongo uliokwisha kuungua hausinyai tena, kwa hiyo unasaidia jiko jipya lisipasuke. Ponda mabonge yake, uyachekeche, uchanganye unga huo na udongo mpya. Kipimo kinategemea udongo wa mahali pako. Finyanga vitofali vitatu vidogo: cha kwanza chenye unga mdogo, cha pili robo ya mchanganyiko, cha tatu zaidi ya hapo. Vikaushe kivulini. Kile kisichopasuka wala kumeguka ndicho kipimo chako.

Jenga wakati wa kiangazi, kabla mvua hazijaanza, kwa kuwa jiko jipya linahitaji wiki mbili au tatu kukauka polepole kivulini. Ukilianika juani, nje inakauka mbele ya ndani, na nyufa zinaanza siku ile ile. Mlango wa moto usielekee upande unakotoka upepo.

(Kimya kidogo. Msomaji anapunguza sauti.)

Sasa ile sehemu niliyoiahidi. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba, huku nyanda za juu, baridi inaingia kwenye turubai na kwenye mifupa. Wengine huingiza ndani jiko la makaa, lile wengine mnaliita mbabula au imbabura, wanafunga mlango na kulala. Ndugu yangu, usifanye hivyo. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Huioni na huinusi. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya hewa safi, na aliyelala anaweza asiamke. Makaa yakiwa mekundu bila moshi, usidhani ni salama, sumu ipo. Hata makaa yaliyobaki kwenye jiko la udongo yatoe nje kabla ya kulala.

Kama watu ndani ya nyumba wanaumwa kichwa kwa pamoja, wanasikia kizunguzungu, kichefuchefu au miguu kulegea, na kuna makaa ndani, fungua mlango, watoe wote nje kwenye hewa safi, kisha nendeni kituo cha afya upesi. Anza na watoto.

Je, utaota joto kwa njia gani? Pika chakula cha jioni ukiwa umechelewa kidogo. Ukuta mnene wa jiko la udongo unabaki na joto baada ya moto kutolewa, na mkikaa karibu nalo mtalipata. Jaza maji ya vuguvugu, yasiyochemka, kwenye kidumu kinachofunga vizuri, ukizungushie kitenge, ukiweke miguuni. Tandika nyasi kavu chini ya mkeka, maana baridi nyingi inatoka ardhini. Na ziba matundu ya upepo upande wa kichwa, ukiacha nafasi ya hewa juu, karibu na paa.

Hayo ndiyo ya leo. Kama una jirani mzee anayeishi peke yake, au mtoto anayelea wadogo zake, mpelekee habari hii ya makaa leo kabla hajalala. Wengine hawana redio.

 

(Muziki wa kufunga.)