Haini Mdogo Hasahauliwi: Hoja ya Kumrejesha W'Kabi



Ilivyo desturi ya mihadhara ya namna hii, ningalianza na wanafalsafa wa Uyunani na wanazuoni wa Urusi waliowapanga wahusika wa hikaya kwa mafungu. Lakini wenzangu wa fani wanayajua hayo, na wasio wa fani hawatapungukiwa na kitu nikiyapita. Kilichonileta mbele yenu ni kauli ya mwalimu mwenzangu mmoja, mtu wa elimu na staha, ashikaye kwamba katika filamu za mashujaa adui mdogo ni chombo cha muda, na kwamba akishatumika katika filamu ya kwanza, ya pili haina deni lolote kwake. Kauli hiyo imeenea mno, na kwa kuwa imeenea, naona ni wajibu kuijibu kwa utaratibu.

Mfano aliouchagua ni Black Panther, filamu ya Ryan Coogler ya mwaka 2018, pamoja na mwendelezo wake wa 2022, Wakanda Forever. Mtu tunayemgombania ni W'Kabi, mkuu wa kabila la mpakani, rafiki wa Mfalme T'Challa wa Wakanda na mume wa Okoye, jemadari wa walinzi wa kike. Naye ameigizwa na Daniel Kaluuya, aliyezaliwa London kwa wazazi wa Uganda. Wazazi wa W'Kabi waliuawa na Klaue, mwizi wa madini ya nchi. Mfalme akaahidi kumleta mwuaji huyo, akamkosa huko Korea Kusini, akarejea mikono mitupu. Na alipokuja Killmonger, mdai wa kiti cha enzi, na maiti ya Klaue, W'Kabi, ambaye kisasi chake kilikuwa kimengoja miaka mingi, akampa mgeni huyo utiifu aliokuwa amemwapia rafiki yake. Vita vya ndugu vikawaka, hata Okoye akasimama uwanjani mbele ya mumewe, kifaru wa vita akakataa kumdhuru mwanamke yule, na W'Kabi akapiga magoti. Hapo ndipo tulipomwacha, na katika filamu ya pili uso wake hatukuuona.

Hoja ya kwanza ya mwenzangu ni kwamba Kaluuya alikuwa ameshikwa na kazi ya filamu nyingine, Nope, iliyotoka mwaka huo huo wa 2022. Udhuru huo ni wa kweli wala siudharau. Lakini udhuru wa ratiba hutueleza kwa nini jambo halikufanyika, hautuelezi kama lilistahili kufanyika, na mtu achanganyaye mawili hayo ameifanya shajara ya mwigizaji kuwa kadhi wa sanaa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Chadwick Boseman, aliyekuwa T'Challa, alifariki tarehe 28 Agosti 2020, naye ana umri wa miaka 43, na filamu ya pili ikawa filamu ya matanga. Na mwenzangu anauliza, katika msiba mkubwa kama ule, nani ana haja na haini? Nami nastaajabu kuisikia hoja hiyo katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, ambako kabla jeneza halijainuliwa husimama mtu akauliza mbele ya umati ni nani anayemdai marehemu na ni nani anayedaiwa naye. Msiba ndio wakati hasa wa ndugu aliyekosa kuja kuomba radhi, na asipokuja kila jicho humtafuta. W'Kabi alikuwa na deni kwa marehemu kuliko mtu yeyote aliyebaki hai Wakanda, na matanga yakapita bila ya jina lake kuitwa mlangoni.

Hoja ya tatu, kwamba nafasi haikutosha, sitaipa muda mrefu. Filamu ile ina dakika 161, na ndani yake Killmonger, aliyekwisha kufa, anapewa kiti cha enzi katika ulimwengu wa wahenga ili azungumze na Shuri, dada yake T'Challa. Na kikao kile kifupi ni miongoni mwa sehemu zenye nguvu kuliko zote, kwa sababu adui wa jana anamwuliza binti wa mfalme atakuwa mtu wa namna gani leo. Ikiwa maiti ameruhusiwa kurejea, aliye hai amenyimwa kwa sharia gani? Tena Malkia Ramonda, mama yake T'Challa, anapomvua Okoye ujemadari, mwanamke aliyeiweka nchi mbele ya ndoa yake anahukumiwa, ilhali mume aliyemfikisha katika mtihani ule hayupo kumtetea wala kumwongezea uchungu.

Na akisema kwamba adui mdogo hana uzito wa kubeba marejeo, namjibu kwa jina moja: M'Baku. Yeye na W'Kabi walitokea mara ya kwanza katika toleo moja la kitabu cha picha cha Avengers, mwaka 1969. Katika filamu ya 2018 M'Baku alikuja kuudai ufalme, akashindwa, akaachiwa uhai. Akarejea kuwa mwokozi, na katika ya pili akawa mshauri mwenye busara, na mwisho akajitokeza tena kukidai kiti.

Niliitazama filamu hiyo ya pili katika banda la video la Mwanga, hapa Kigoma, siku za mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani kwa kuwa taa zao hazivuti samaki. Ilipokwisha, mvuvi mmoja wa makamo aliuliza kwa sauti, “Na mume wa yule jemadari, mbona hatukumwona?” Vijana wakamwambia hakuwa steringi. Akasema, “Najua. Lakini alikula nao.” Katika vitabu vyote nilivyovisoma juu ya mas'ala haya sijakuta ibara iliyo fasaha kuliko hiyo.

Sasa natamani tuigeukie sira ya Fumo Liyongo, ambayo kwangu ni shule ya mambo yote ya ushujaa. Huyu ni shujaa asiyedhurika kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba ichomwayo kitovuni, na mwenye kuifichua siri hiyo na kuitumia ni mwanawe mwenyewe, kijana aliyeghuriwa na watu wa Pate. Liyongo anajikokota hadi kisimani, anapiga goti, upinde mkononi, anakata roho. Na watu, wakimdhani yu hai, hawathubutu kuteka maji. Mtunzi dhaifu angekomea pale, kwa maana shujaa amekufa kwa fahari na mwana amekwisha tumika. Lakini tazameni: katika masimulizi aliyoyachapa Edward Steere mwaka 1870, kijana anakamatwa na kuuawa, wala ufalme alioahidiwa hapewi, na katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu, wa mwaka 1913, anaishia katika dhiki na maradhi hadi mauti. Wasimulizi hawa wanakhitilafiana juu ya namna, lakini wote wawili wanamfuata haini hadi mwisho wake, kwa kuwa walijua kwamba wasikilizaji wasingelala.

Na ziwa letu lina ushahidi wake. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi nzito. Ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kuwachukua abiria kwa jina la Liemba. Filamu ya The African Queen ya mwaka 1951, ambayo chimbuko lake ni vita vya ziwa hili, ililipua meli ya adui na kuishia hapo. Tarikhi, ambayo ni mtunzi bora, ilikirudisha chombo cha adui na kukipa kazi ya miaka mingi.

Sisemi kila adui arejeshwe. Klaue alikuwa mwizi wa nje, amekufa, na hesabu yake imefungwa. Nakubali pia kwamba marejeo yasiyo na sababu huichosha hadhira na kulipunguza kosa la kwanza. Lakini aliyekula nasi, akatuhini, akapiga magoti akiwa hai, huyo si wa kuachwa gizani, kwa maana maadamu hatujamwona akihukumiwa wala kusamehewa, hikaya yake ni madai yasiyosikilizwa.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: ikitengenezwa filamu ya tatu, W'Kabi aletwe mbele ya Okoye na mbele ya baraza, aulizwe, ajibu, na hukumu itamkwe. Nanyi vijana wa Kigoma mnaoandika hadithi na kupiga filamu, msimwache haini wenu mdogo kabla hamjamsikiliza.