Mama Aliyekosa Furaha na Msaada wa Mchungaji

Leo tunazungumza kuhusu mama aliyejifungua salama, mtoto ni mzima, lakini yeye mwenyewe haoni tena sababu ya kuamka asubuhi. Tutaona pia vile mchungaji anaweza kumsaidia kupata tena tumaini.

Siku chache baada ya kujifungua, akina mama wengi hulia ovyo na kukasirika haraka. Kwa kawaida hali hii huisha ndani ya wiki 2. Ikiendelea zaidi ya hapo, huenda ni ugonjwa wa huzuni, ambao wataalamu huuita unyogovu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, karibu mama 1 kati ya 5 hupatwa na tatizo la akili baada ya kujifungua, na mara nyingi ni huu unyogovu.

Dalili zake ni hizi: mama hapati usingizi hata mtoto akilala. Chakula hakimpendezi. Anajiona hafai kuwa mama. Ameacha kwenda kanisani na kwenye chama.

Mama, huu ni ugonjwa. Si uvivu, si laana, wala si upungufu wa imani.

Wengi wetu tukilemewa humwendea mchungaji kabla ya kufika zahanati. Hilo ni jambo jema, ikiwa mchungaji anajua la kufanya. Kwa hivyo mchungaji unayetusikiliza, nawe mama utakayemwambia, shikeni haya:

Kwanza, msikilize mama bila kumkemea. Ukimwambia aombe zaidi, anaondoka na mzigo wa pili, kwamba hata Mungu amemchoka.

Pili, funga mdomo. Shida yake isitangazwe madhabahuni kama ombi la maombi bila ruhusa yake.

Tatu, usimwambie afunge. Mama anayenyonyesha anahitaji kula na kunywa vya kutosha. Kanisa lifunge kwa niaba yake.

Nne, tuma mikono. Waombe akina mama wa kanisa wapangiane zamu: mmoja achote maji, mwingine afue nepi, mwingine ambebe mtoto ili mama alale saa 2.

Tano, maombi na matibabu yaende pamoja. Mpeleke kliniki, au mwambie mumewe au mama mkwe aandamane naye. Siku ya chanjo, wiki ya 6, ya 10 au ya 14, ni nafasi nzuri ya kumweleza muuguzi. Akipewa dawa, asiziache bila kumwuliza aliyempa.

Nguvu zikianza kurudi, mpe kazi ndogo. Usimpe uenyekiti wa kamati. Aimbe wimbo 1 na kwaya, au amtembelee mzazi mwingine. Mtu hupata tena maana ya maisha kwa hatua ndogo, akijua kuna mahali anangojewa.

Wenzetu wa Zimbabwe walionyesha njia. Tangu mwaka wa 2006, akina nyanya waliofunzwa hukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Mgonjwa huchagua shida 1 na hatua 1 ya kuanzia. Benchi kama hilo linaweza kuwekwa hata chini ya mti wa kanisa, mradi anayekaa hapo amefunzwa.

Lakini sikiliza vizuri. Mama akisema anataka kufa au kumdhuru mtoto, akisikia sauti ambazo wengine hawasikii, au akikesha siku kadhaa bila kuchoka, hiyo ni dharura. Usimwache peke yake, na usingoje ibada ya Jumapili. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mama, kama ni wewe ninayekuzungumzia, mwambie mtu mmoja leo. Ugonjwa huu unatibika, na wengi wamepona.