Kinywa kwa Kinywa

Leo twamkumbuka mtoto atolewaye bwawani au ziwani, hatikisiki wala hapumui. Mara nyingi watu humzunguka wakilia. Wengine humning'iniza kichwa chini au kumbinya tumbo ili maji yatoke. Tusifanye hivyo. Ubongo ukikosa hewa kwa dakika 4 hivi huanza kuharibika, na hospitali i mbali.

Tumlaze chali mahali pagumu. Mmoja wetu apige simu ya dharura. Tumwinamishe kichwa nyuma kidogo, tuinue kidevu, tumbane pua, tufunike kinywa chake kwa chetu, tumpulizie pumzi 5, huku tukitazama kifua kikiinuka. Asipozinduka, tuweke kiganja katikati ya kifua, tukandamize mara 30, kina cha sentimeta 5 hivi, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kisha pumzi 2. Turudie bila kuacha mpaka apumue au msaada ufike. Hata akizinduka, tumpeleke hospitali.

Katika 2 Wafalme 4 twasoma habari za mtoto wa yule mama Mshunami. Fimbo ya Elisha ilitangulizwa kwa mkono wa Gehazi, isifae kitu. Ndipo nabii akaja mwenyewe, akafunga mlango, akaomba, kisha akamlalia mtoto, kinywa juu ya kinywa.

Basi nasi tuombe, na tuiname. Si kila mtoto atarudi. Lakini asikose pumzi kwa kuwa sisi tulisimama tu. Tujifunze leo, kabla ya kilio.