Kumtumaini Mungu Penye Msiba



Tarehe 6 Mei 2017, humu humu wilayani, basi la wanafunzi wa darasa la saba waliotoka Arusha kuja kufanya mtihani Karatu lilitumbukia korongoni, Rhotia Marera. Walikufa watoto 32, walimu wawili na dereva. Watatu walinusurika, wakatibiwa Sioux City, Marekani, wakarejea Agosti.

Wengi husema ni muujiza. Nakubali. Lakini je, mzazi aliyezika? Naye huenda aliomba asubuhi ile. Asiambiwe imani yake ilikuwa haba! Ayubu alizika watoto kumi. Rafiki zake walimfaa siku saba tu, zile walizokaa kimya. Mzazi arudiye kanisani bila jibu, huyo ndiye namwita mwenye kumtumaini Mungu. Ninyi vijana, mkifika kwake, tekeni maji, pasueni kuni.