Baada ya Arobaini

Leo tutazungumza juu ya mtoto mchanga na nyumba aliyozaliwa. Sitasema habari za kumwogesha wala kumpima uzito, kwa maana hayo mnafundishwa kliniki. Nataka kusema juu ya jambo moja linaloondoa amani katika nyumba nyingi, nalo ni kilio cha mtoto na wakati kinapozidi.

Watu wengi hudhani kwamba taabu ya mtoto mchanga ni kubwa siku za kwanza, kisha hupungua kila siku. Kwa habari ya kilio, sivyo. Kilio cha mtoto hupanda kama mlima. Huanza kidogo, huongezeka tangu wiki ya pili, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hushuka mpaka mwezi wa tatu au wa nne.

Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alitoa habari za watoto 80 ambao mama zao waliandika kila siku muda wa kulia kwao. Katika wiki ya pili watoto hao walilia kwa muda wa saa moja na robo tatu hivi kwa siku. Wiki ya sita muda ulifika karibu saa mbili na robo tatu. Wiki ya 12 ulikuwa umeshuka mpaka karibu saa moja tu. Kilio kilizidi wakati wa jioni, na watoto wenyewe walikuwa wazima.

Labda utasema, “Hao ni watoto wa Wazungu, hulazwa peke yao vitandani.” Umeuliza vema. Mwaka 1991 wataalamu walitoa habari za watoto wa Wakung wa Botswana, ambao hubebwa karibu mchana kutwa na kunyonyeshwa mara nyingi. Hao nao kilio chao kilipanda na kushuka vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kila mara walilia kwa muda mfupi. Basi kupanda kwa kilio ni maumbile ya mtoto, lakini urefu wake twaweza kuupunguza. Kwa hiyo khanga ya kumbebea mtoto si ushamba. Katika mji wa Montreal, Kanada, wazazi waliombwa kuwabeba watoto wao saa nyingi zaidi kila siku, hata wakati hawalii. Habari zilizotolewa mwaka 1986 zilionyesha kuwa katika wiki ya sita watoto hao walilia pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao.

Sasa tuzitazame desturi zetu. Huku pwani mzazi hukaa ndani siku 40. Mama yake, au shangazi, au somo yake, huja kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia uji wa pilipili manga, kufua nguo za mtoto, na kumpokea mtoto usiku ili mzazi alale. Ni desturi nzuri sana. Arobaini ikiisha mzazi hutoka, pilau huliwa, na yule bibi hufunga mzigo wake na kurudi kwao.

Haya, fanya hesabu. Siku 40 ni wiki ngapi? Ni karibu wiki sita. Msaada unaondoka wakati ule ule kilio kinapofika kileleni! Wachaga katika desturi yao ya zamani walimweka mzazi ndani miezi mitatu, wakimlisha mtori na maziwa. Miezi mitatu inatosha kuupanda mlima na kuushuka.

Tuseme bwana fulani anarudi kutoka kazini saa 12 jioni. Mtoto analia tangu saa 11, na chakula hakijaiva. Bwana anauliza, “Umemfanya nini mtoto?” Neno hili ni dogo, lakini mke hulisikia kama hukumu, maana tangu adhuhuri amekuwa akijiuliza hilo hilo. Mara jirani anaingia na kusema, “Maziwa yako hayatoshi.” Mwingine anasema ni tumbo, apewe maji yenye dawa. Wa tatu anasema mtoto ametupiwa jicho. Hakuna hata mmoja anayenyosha mikono na kusema, “Nipe mimi, ukapumzike.”

Hapo ndipo hatari tatu zinapoingia.

Ya kwanza ni kumpa mtoto kitu kingine cho chote ili anyamaze. Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi sita, bila hata maji. Kama anakojoa vizuri na uzito wake unapanda kliniki, maziwa yanatosha, hata kama analia.

Ya pili ni hasira. Mtu aliyekosa usingizi siku nyingi aweza kumshika mtoto na kumtikisa kwa nguvu. Usifanye hivyo kamwe! Shingo ya mtoto mchanga ni legelege na kichwa chake ni kizito. Akitikiswa, damu huvuja ndani ya kichwa, naye aweza kupofuka au kufa. Ukiona hasira inakujia, mlaze chali mahali salama, toka nje dakika chache, vuta pumzi, kisha rudi. Mtoto hafi kwa kulia dakika chache.

Ya tatu ni huzuni ya mama. Machozi ya siku za kwanza baada ya kuzaa ni kawaida, nayo hupita. Lakini huzuni ikizidi wiki mbili, mama akawa hali, halali hata mtoto alalapo, au anasema afadhali afe, huo ni ugonjwa. Si uvivu wala upungufu wa imani, na tiba yake ipo. Usimwache peke yake; mpeleke hospitali mara moja.

Tena yafaa kujua kilio kisichongoja. Mtoto mchanga akiwa na homa, au akikataa kunyonya, au akipumua mbio mbio, au akilegea, au akishikwa na degedege, mpelekeni hospitali saa ile ile.

Basi tufanyeje? Shauri langu ni hili: msitumie msaada wote mwanzoni. Kabla mtoto hajazaliwa, kaeni pamoja, baba, mama na wazee, mpange nani atakuja arobaini ikiisha. Bibi akiondoka, wifi au mdogo wake mzazi aje, walau jioni, mpaka mwezi wa tatu.

Na wewe baba, sikiliza. Sheria ya kazi ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 ilimpa baba likizo ya siku 3, katika wiki ya kwanza. Ya Kenya ya mwaka 2007 ilimpa wiki mbili. Zote huisha kabla ya arobaini. Kwa hiyo likizo yako iliyobaki ni jioni. Ukifika nyumbani, nawa mikono, mpokee mtoto, mweke kifuani, tembea naye uani mpaka mama ale na kuoga kwa utulivu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kumbeba mwanao hakukupunguzii heshima mbele ya watu.

Tena kuna faida. Karibu na wiki hiyo hiyo ya sita, kilio kinapokuwa kikali, ndipo mtoto huanza kumtazama mtu usoni na kutabasamu. Taabu na furaha hufika pamoja. Baba anayekimbilia barazani kila jioni huikosa furaha hiyo, na taabu humwachia mkewe.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:

1. Katika kijiji au mtaa wenu, nani humsaidia mzazi, na kwa siku ngapi?
2. Arobaini ikiisha, kazi zake hushikwa na nani?
3. Jirani akimkuta mtoto analia, aseme nini, na afanye nini?