Mabinti Zetu Wapewe Usukani



Wako wasemao kuwa lori si kazi ya mwanamke. Basi na watujibu: mwaka 2017, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilipofunguliwa, ni akina nani walioendesha treni? Wanawake walikuwamo! Sisi sasa twaitaka barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900, pamoja na mteremko wake wa Kitonga.

Kikwazo si nguvu. Breki za lori hukazwa kwa upepo, na usukani husaidiwa na mtambo. Kikwazo ni uzoefu. Mwanamume huanza utingo, hulala ndani ya gari, hufundishwa njiani na dereva mkubwa. Binti akiomba utingo huulizwa atalala wapi. Miaka ikipita, tajiri humwambia hana uzoefu! Jambo hili lingalichekesha kama lisingaliumiza.

Kwa hiyo twadai, na tutadai katika kila tawi: binti ajifunze chini ya dereva mwenye heshima, mshahara uwe sawa, na kwenye mizani na mipakani pawe na choo na bafu vyenye komeo.

Jumamosi saa nne, wenye leseni wafike ofisi ya tawi tuandike majina.